Gari Lililoinuka

Guayaquil, 9 Februari

Mpenzi Wilmer,

Natumaini baridi ya Murcia imepungua. Huku mama yako amepona kikohozi, na jana alikuja kunigombeza kuhusu chumvi, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye.

Gari nimenunua. Ulitaka lile dogo la chini kwa sababu halili mafuta, nami nilikuwa nimeshakubali. Muuzaji, binti mmoja mzuri aitwaye Narcisa, akasoma anwani yangu kwenye fomu, akanizuia.

"Hilo litakuzimikia majini, dada yangu. Chukua hili lililoinuka. Injini ni ndogo vilevile, na mafuta linakula kidogo."

"Kwani unayajua maji ya mtaani kwetu?"

"Si nyumba yenye geti la kijani? Pale maji yanafika ngazi ya tatu."

Nikatia saini. Juzi mvua ilijaza maji mtaa mzima. Magari ya majirani yalizimika, langu likapita bila shida. Narcisa anajua kazi yake, siwezi kumnyima hilo, ingawa ningependa.

Lakini geti lile ulilipaka kijani mwaka jana, wiki niliyokwenda Manta kumuuguza mama yangu. Maji yamefika ngazi ya tatu mara moja tu tangu tuhamie hapa, na ilikuwa wiki hiyo hiyo. Uliniambia kwenye simu kwamba ulikuwa peke yako na hukuweza kutoka siku mbili.

Narcisa sikumuuliza zaidi. Nakuuliza wewe.

Mkeo,
Yadira