Mche wa Mpunga Juu ya Kovu

Mwanaharakati mwenzangu, mjukuu wangu Tumaini,

Sisi wa Ubaruku hatujambo, na babu yako anakusalimu. Unauliza: kabla ninyi wa maabara hamjatuonyesha kwamba vilango vya protini katika neva iliyojeruhiwa huweza kufunguka kwa mguso mdogo tu na kuamsha maumivu, hata kidonda kikiisha kupona, tuliyaaminije maumivu ya mama yangu?

Nilikuwa likizo kutoka chuoni. Mundu ulikuwa umemkata mama mkono. Kidonda kilifunga, maumivu yakabaki, akashindwa kupanda. Wenzake wa kupandiana mpunga kwa zamu wakataka kumtoa kundini.

"Kidonda kimepona, uvivu umebaki!" alicheka kiongozi wao, Mama Neema.

Nikasimama tutani nikahutubia: nani amewapa mamlaka ya kupima maumivu kwa macho? Mjaribuni kwa mguso, asione! Mama akafumba macho, akanyoosha mkono. Mama Neema akapitisha mche wa mpunga juu ya kovu, taratibu. Mama akaruka kama aliyeunguzwa.

Kisha Mama Neema akasema, "Haya, dada yangu, wewe utatupikia. Na kupika nako ni zamu kamili."

Shamba letu likapandwa lote! Tulishinda bila darubini, mjukuu wangu. Ninyi mmetuletea ushahidi.

Kundi lile lingalipo. Tunakutana Jumamosi, saa mbili asubuhi, tutani. Njoo uwaeleze hizo neva. Kupika ni zamu yangu.

Bibi yako