Mazishi ya Shangazi Georgina

Nyanga, Bukoba

Mpendwa dada Vestina,

Huku mvua zimewahi na kahawa imechanua. Juzi tulimzika shangazi Georgina kibanjani kwake, Muleba. Aliacha wosia kwamba nimzike mimi. Nikueleze: katika kanisa letu, mchungaji akitaka kugombea ubunge huvua joho kwanza, nami nimeshalivua. Hata hivyo nilisogea kaburini, nikaanzisha sala. Binti yake, Restituta, akanivuta koti.

“Mheshimiwa, rudi kwa wageni wa heshima. Mchungaji tumeshamwita.”

Watu wakacheka, nikarudi kukaa. Baadaye nikapewa kipaza sauti niwasalimie waombolezaji. Dada, niliwaomba kura, na shangazi alikuwa hajafukiwa bado.

Msalimie shemeji, ila usimsomee barua hii.

Mdogo wako,
Rutaihwa