Nta Kwenye Kabureta

Uyole, Mbeya

Kwa Sifaeli, Ilula,

Neno kaka nimeliacha makusudi. Huku mvua imeanza na mama amepanda viazi.

Jana nilifungua kabureta ya pikipiki ya marehemu baba, ile kuukuu uliyomwambia imekufa injini, akupe ukaiuze chuma chakavu. Alikataa, akawa anapanda mlima wa shambani kwa miguu mpaka moyo ukamshinda. Injini ni nzima. Tundu la hewa lilikuwa limezibwa kwa nta.

Baba alitufundisha sisi wawili tu: ziba kwa nta ukipima mafuta, ukimaliza itoe. Mimi sikuigusa hadi jana.

Leo imewaka. Mama ameusikia mlio wake, akauliza ilikuwa na ugonjwa gani. Nimemwambia, “Fundi wake yuko Ilula, atakuja kukueleza mwenyewe.”

Aliyekuwa mdogo wako,
Anyelwisye