Stephania Si Wimbi

Kitongoni,
Ujiji, Kigoma.
2 Machi 1997

Mpendwa mdogo wangu Luqman,

Asalaam aleikum. Marahaba kwa shikamoo zako zote, hata ile uliyoibana pembeni baada ya kuisahau. U mzima? Kile kifua kimepona, au bado unakunywa maji ya barafu kwa kuwa uko Dar es Salaam? Sisi hatujambo. Mama magoti humsumbua asubuhi, na ikifika saa nne ameshayasahau, anaanza kutusumbua sisi.

Gazeti ulilotutumia limefika. Nimeiona habari uliyoizungushia kalamu nyekundu, "Wimbi la Wakimbizi Laikumba Kigoma", na nimeelewa kuwa ukurasa ule uliupanga wewe mwenyewe. Hongera. Nikawasomea kwa sauti. Kabla sijafika mstari wa pili Mama akaweka ungo chini, akauliza, "Wamezama wangapi?"

Nikamwambia hakuna aliyezama, wimbi ni hao watu wenyewe. Akanitazama kama niliyemtukana. Unajua tangu ziwa limchukue Baba, neno hilo halitajwi ovyo humu ndani. Nikajitetea kwamba waandishi ndivyo waandikavyo siku hizi: wimbi la ujambazi, wimbi la kipindupindu, hata wimbi la kufeli mitihani. Mama akasema waje walale Kagunga siku moja ziwa likichafuka, watarudi na neno jingine.

Sasa nikueleze la Stephania. Ni mjukuu wa yule shangazi yake Mama aliyeolewa Baraka, ng'ambo ya ziwa. Yuko kwetu tangu Novemba. Alivuka na mtoto mgongoni. Mumewe, Leodgar, alibaki ufukweni kwa sababu boti ilijaa, akaahidi kuja na itakayofuata. Siku ile ya gazeti Stephania alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Mimi niko wimbi? Wimbi ilikamata mizigo yetu yote, ikabakia kule katikati ya ziwa. Mimi niko Stephania." Tukacheka, naye akacheka.

Lakini toka hapo akalishika neno lenu. Redio ikisema wimbi jingine limeingia, anambeba mtoto tunakwenda naye Kibirizi, boti zinakoshusha watu, mimi kununua dagaa, yeye kutazama nyuso. Wapagazi wamemzoea. Wakimwona tu, kabla hajauliza, wanamwambia, "Leo hayumo, mama." Kwa hiyo ujue, nchi nzima ikiomba wimbi liishe, humu ndani kulikuwa na mtu anayeomba lije. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Alhamisi iliyopita redio ikatangaza kwamba wimbi limepungua. Majirani wakamshukuru Mungu. Nisikufiche, na mimi nilishukuru. Unga umepanda bei na tumechoka. Stephania akauliza, "Kupungua ni nini? Boti zimeisha?" Nikaizima redio. Siku ile hakula, na mimi niliona haya kwa ile alhamdulillahi yangu.

Ndiyo maana nakuandikia. Najua wewe huandiki habari, unapanga kurasa tu. Lakini mpanga kurasa ndiye anayeona upenyo uliobaki chini ya habari. Zungumza na wakubwa wako, kisha weka hivi: Leodgar, fundi mitumbwi wa Baraka, mrefu, kidole gumba cha kushoto kimekatika. Mkewe na mtoto wapo Ujiji, Kitongoni, kwa Mwasiti muuza dagaa. Nafasi ikiwa ndogo, ondoa kidole. Ikizidi kubana, niondoe na mimi. Jina la Leodgar usiliguse.

Mama anakusalimu, na anasema ule samaki, nyama ya huko haamini inakotoka. Mjomba Kassimu anauliza utaoa lini. Nimemjibu kwamba hata mimi nauliza. Hasna mwanangu amefaulu kusoma juzuu ya kwanza na anataka zawadi. Mungu akukinge na kila la shari, akupe riziki ya halali na usingizi mwema.

Stephania naye anakusalimu. Tangu nimwambie nitakuandikia, kila asubuhi ananiuliza gazeti lenu hufika Baraka siku gani. Namwambia kwanza jina lichapishwe.

Dada yako akupendaye,
Mwasiti