Unga wa Morogoro Mezani kwa Akina Tanaka

Vällingby, Jumapili usiku, Novemba 1972

Unga wangu wa sembe umekwisha, na kilichoumaliza ni adabu.

Mchana niliwapikia wenye nyumba wangu, Bwana Tanaka na mkewe, Wajapani waliohamia huku Uswidi, ugali na samaki. Sahani zao zilipobaki tupu nikawaongezea, kama nilivyolelewa: mgeni asiyebakiza bado ana njaa. Wakamaliza tena. Nikarudi jikoni kusonga mwingine, huku nikiutazama kwa huzuni mfuko alioniletea dada kutoka Morogoro. Nilitaka unifikishe Krismasi.

Kufikia sahani ya tatu Bwana Tanaka alikuwa amelegeza mkanda, jasho linamtoka.

"Bwana Daudi," mkewe akaniuliza kwa Kiswidi, taratibu, "kwenu mtu huruhusiwa kuacha kula lini?"

"Akibakiza kidogo tu, Mama."

"Kwetu kubakiza ni kumtukana mpishi."

Tukatazamana. Lilibaki donge moja. Bwana Tanaka akalisukuma kwangu kwa vijiti. "Humu ndani mgeni ni wewe," akasema.

Nikalila lote, polepole, maana sijui nitaonja tena lini.

Mama Tanaka, ambaye sasa anaijua mila yetu, akaiona sahani yangu tupu, akaenda kunipikia wali.