Fundi wa Mageti na Mlango wa Kliniki ya Matiti

Mama Mshauri, shikamoo, naomba unisikilize bila kunicheka, maana mimi ni mwanaume wa makamo, fundi wa kuchomelea mageti, nina mke na mabinti wawili wakubwa, na jambo lenyewe siwezi kumwambia mtu ana kwa ana. Uvimbe uliniota kwapani nikadhani ni jipu, nikaukanda kwa maji moto lakini ukazidi kuwa mgumu, ndipo nikaenda hospitali wakakata kinyama wakakipima, na daktari akasema ni saratani, ila haikuanzia kwapani, imetoka kwenye titi, nikamwambia amechanganya majibu, mimi titi nimelitoa wapi, naye akanieleza taratibu kwamba kila sehemu ya mwili ina vinasaba vinavyofanya kazi pale zaidi kuliko kwingine, kwa hiyo chembe za saratani hata zikihama hubaki na alama za kwao, na zangu zinaonyesha titi, ambalo wanaume nao wanalo kidogo, tena vipimo vimeonyesha dawa itakayonifaa, nipasuliwe kisha nimeze vidonge. Basi nikaenda, mlangoni kumeandikwa Kliniki ya Matiti, benchi zima ni wanawake, nesi akaniuliza kwa upole, "Baba, umemsindikiza nani?" nikajibu, "Mke wangu, yuko msalani," nikageuka nikaondoka zangu, na mke wangu mpaka leo anajua ni jipu. Nifanyeje, maana karakana wakisikia nitaitwa Mama Mageti mpaka nazikwa?

Fundi mwenye aibu

Marahaba, fundi, na pole sana. Hapo kwenye msalani nimecheka, unisamehe. Sasa nikuseme. Unashinda na cheche za moto usoni, halafu unakimbia benchi la akina mama? Ugonjwa hauna habari na ndevu zako.

Daktari wako hakubahatisha. Ameujua uvimbe ulikotoka na ameijua dawa yake, na wapo wagonjwa wanaoomba usiku na mchana waambiwe hivyo. Nilimpigia simu nesi mmoja wa kliniki kama hiyo. Anaye dereva wa lori, mwanaume kama wewe, anayefuata vidonge mwaka wa tano sasa, na akichelewa akina mama ndio wanaomuulizia. Wenzako wa karakana wakikutania, wacha wakutanie, wewe endelea kuchomelea.

Kuna jambo hukulifikiria. Saratani ya titi kwa mwanaume wakati mwingine hutokana na hitilafu ya kurithi. Sisemi mabinti zako wanayo. Nasema muulize daktari kuhusu kipimo cha hitilafu hiyo, kwa sababu wakijua mapema watafuatiliwa mapema. Ukificha, unawaficha na wao.

Leo ukitoka kazini, oga, kaa na mkeo, mweleze kila alichosema daktari. Atalia, mwache alie. Akimaliza atakuuliza mnaondoka saa ngapi, na wewe uwe na jibu. Kesho mageti ya watu yasubiri.

Mabinti usimwachie mama yao awaambie. Waambie mwenyewe, ukishaanza matibabu, ili habari hiyo waisikie kwa baba anayetibiwa.