Gauni la Sindano

4 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Hujambo wewe? Na goti, bado linakusumbua? Sisi huku wazima, tunadunda.

Nasema "sisi" makusudi. Yule mwenzangu wa kushona vifungo, aliyefariki, ameacha binti wa miaka minne, hana ndugu. Nimemchukua. Mama, nimekuwa baba! Tunamwita Sindano, maana ni mwembamba na ulimi wake unachoma. Tunamlea pamoja na mzee fundi viatu wa mlango wa pili: mimi namwogesha na kumvisha, yeye anapika na kumsuka. Ndiyo, anamsuka, kwa vidole vile vile vya gundi.

Jana kaniuliza, "Baba, mimi sina bibi?" Nimjibu nini?

Mwanao

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti lipo, ndilo linalonipangia safari siku hizi.

Eti tunadunda! Hujaoa, ubaba umeutoa wapi? Kapera na mzee wa viatu wanalea mtoto wa kike, makubwa haya! Majirani wakiniuliza mkwe yuko wapi, niseme yuko kibarazani anagonga soli? Oa kwanza, ndipo uniletee habari za bibi.

Lakini mtoto hana kosa, na nakujua, utamvisha mabaki ya vitambaa vya wateja. Nimshonee gauni. Futi na macho yangu havielewani tena, kwa hiyo kata uzi upige mafundo kama nilivyokufundisha: la kwanza kifua, la pili kiuno, la mwisho urefu.

Mama yako. Wako wewe, si wa mwingine.

28 Machi

Mama,

Shikamoo. Unaendeleaje? Umenifurahisha hujui tu! Uzi huu hapa. Sindano alisimama wima, mzee akimbembeleza asicheke, nami nikapiga mafundo. Naandika mbiombio: mezani nina gauni la muuza mikate, bonge la mama, na uzi wake nao uko hapa hapa. Analitaka kesho.

Mwanao

17 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, ila mgongo umekufa kwa kushona. Gauni hilo nimelituma. Uzi niliupima, nikaupima tena, nikamwita jirani naye akapima. Mungu wangu, mtoto wa miaka minne ana kifua kama pipa! Huyo mzee anampikia nini? Kitambaa kiliisha, nikamalizia kwa pazia la chumbani.

Sikulalamika. Nilijisemea, mtoto kanawiri hivi, basi hao wanaume hawamlazi na njaa. Nikalala nimefurahi, mwenyewe nikajishangaa.

Mama yako

2 Mei

Mama,

Shikamoo. Goti? Mgongo? Haya, keti kwanza.

Nilichanganya nyuzi! Uliyemshonea ni muuza mikate. Lake yeye nimelikata kwa uzi wa Sindano; alikuwa amesafiri, na alipokuja juzi kulijaribu likagoma kwenye kiwiko. Nilidhani atanizaba kofi, kumbe kacheka mpaka akakaa sakafuni. Akaliomba lako. Sindano akakataa katakata: "La kwangu! Kashona bibi yangu."

Akalivaa, akapotea humo ndani. Akaniita nimbebe, akamwita na mzee, sote watatu tukaingia humo. Yeye katokeza kichwa shingoni, mkono wangu ukatoka kulia, wa mzee kushoto, tukaenda hivyo hivyo hadi dukani, mtaa mzima unapiga vigelegele. Mama, nilicheka mpaka nikalia. Sijui kama nitaoa. Najua tu kwamba hii ndiyo nyumba yangu.

Mgongoni bado linapwaya. Nilipunguze limtoshe?

Mwanao, na baba wa mtu

8 Mei

Nyote mliomo ndani ya gauni,

Marahaba, mwanangu. Mzee mwenzangu, hujambo? Na wewe mwenye ulimi wa kuchoma?

Nimecheka hadi majirani wakaja kuuliza kulikoni. Nikawaambia ni vituko vya mjukuu wangu. Neno lilinitoka lenyewe, na sikulirudisha.

Wewe fundi, usilipunguze. Ukigusa hata pindo nitakuchapa, utu uzima wako usikudanganye. Goti nimeliambia likae kimya, nakuja Jumamosi. Mzee aniandalie ndala pana, na nywele zangu asiziguse.

Mwambieni Sindano, hapo mgongoni panapopwaya ni pangu.

Bibi